Mimba Zabibu ya Mwalimu Breki

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, na aliyetaka kujua sababu aliijua dakika ya kwanza ya somo la kwanza. Gari la kufundishia udereva lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa mwalimu. Mguu wa mama huyu ulikaa juu ya ile ya pili kama paka anayelinda tundu la panya. Ukichelewa kumwona mwenye baiskeli, gari linasimama lenyewe, mkanda unakubana kifua, na mwalimu anakugeukia kwa upole wa kutisha.

"Haya, baba. Yule ana mke na watoto. Tulikuwa tunakwenda kuwaambia nini?"

Alikuwa mwembamba, mfupi kiasi cha kukalia mto, na sauti yake ilisikika hadi gari la tatu nyuma. Umri wake ulikuwa thelathini na kitu, na hicho kitu alikuwa hakitaji. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache, ambaye angeweza kukaa asubuhi nzima ameegemeza sikio kwenye friji la mtu akisikiliza linavyokohoa. Majirani walisema Mungu aliwagawia wawili hawa mdomo mmoja, mke akauchukua wote.

Walikuwa wameishi kwenye ndoa miaka kadhaa bila mtoto. Basi mwalimu alipoanza kutapika, furaha iliingia nyumbani kabla hata ya kupima. Wanafunzi hawakujua lolote, kwa hiyo kila mmoja alijilaumu. Kijana mmoja aliposimamisha gari na kumwona mwalimu wake anaruka nje na kuinama mtaroni, aliomba msamaha kwa kona aliyokata, akaahidi kwamba hatakata kona nyingine maisha yake yote.

"Huwezi kuendesha gari bila kukata kona," mwalimu alimwambia akijifuta mdomo. "Washa gari."

Kipimo cha mkojo kilikubali upesi, mstari ukakolea kama umechorwa kwa kalamu ya seremala. Lakini kutapika kule hakukuwa kwa kawaida. Alitapika chai, akatapika maji, akatapika hata harufu ya chai ya jirani. Tena tumbo lilikuwa na haraka. Mimba changa ya kujificha chini ya gauni ilikwishajitokeza kama ya kina mama wanaohesabu wiki za mwisho.

Mama mkwe wake alilitazama tumbo hilo, akaliwekea mkono, akatoa hukumu: "Mapacha."

"Mama, hata kliniki sijaanza."

"Kliniki wanatumia mashine. Mimi natumia macho. Mapacha, tena wakubwa."

Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Bibi yule alianza kufuma sweta mbili za manjano, kwa sababu manjano haichagui wa kike wala wa kiume. Fundi friji akaanza kutembea akiwa ameinua kidevu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwepo mzee mmoja aliyestaafu ualimu wa jiografia. Alijua mito yote ya dunia inakotoka na inakomwaga maji, lakini ukimwambia "kulia" anawaza kwanza. Gia ya tatu aliiogopa. Kwenye mzunguko wa barabara kuu alikuwa akiingia vizuri, kisha anashindwa kutoka, anazunguka na kuzunguka hadi mwuza magazeti wa pale akazoea kumpungia mkono. Huyu ndiye aliyekuwa kwenye usukani asubuhi ile.

Walikuwa wanaukaribia mzunguko huohuo. Mwalimu alikuwa anasema kwa mara nyingine kwamba indiketa si pambo, ghafla akanyamaza katikati ya neno. Mzee alishtuka. Katika masomo yote aliyosoma hapo, hakuwahi kusikia sentensi ya mwalimu huyu ikikatika.

"Mwalimu wangu, nimekosea?"

"Hapana." Alikuwa amehisi maji ya moto kwenye mapaja. Alitazama chini, akaona si maji. "Mzee, leo hatuzunguki. Tunatoka njia ya pili, tunakwenda hospitali."

"Nani mgonjwa?"

"Mimi. Natoka damu. Na mguu wangu sina uhakika nao, kwa hiyo breki ni yako peke yako."

Mzee alikohoa kidogo. Kisha, kwa utulivu wa mtu anayechora ramani ubaoni, akaweka gia ya tatu. Alitoka mzunguko kwenye njia ya pili, indiketa ikiwaka. Akapita sokoni bila kugusa tenga la mtu. Mwalimu, jasho likimtoka na mikono ameikaza kwenye kiti, alisikika akisema kwa sauti ndogo, "Kioo cha pembeni, mzee, kioo," na mzee akajibu, "Nimekiangalia, mwanangu. Pumua tu." Getini mwa hospitali alisimamisha gari sawasawa, akalipaki kinyumenyume karibu na mlango wa dharura bila kulaza hata ua moja. Halafu akashuka, akajilaza chali kwenye ukingo wa bustani. Wauguzi waliokuja na machela ilibidi kwanza waulize mgonjwa ni nani.

Ndani, alilazwa kitandani, akapakwa yale mafuta ya baridi tumboni, na kijana wa altrasaundi akaanza kupitisha kifaa chake. Alipitisha, akarudi, akapitisha tena. Mwanzoni alikuwa anapiga soga. Kisha soga ikaisha.

"Ni mapacha?" mwalimu aliuliza.

Kijana akasema ngoja amwite daktari.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani ameibandika kichwani huku akiitafuta mfukoni. Aliangalia kioo cha mashine, akavuta kiti, akakaa. Watu wanaoleta habari nyepesi huwa hawakai.

"Mama, sitakuzungusha. Hii ni mimba, lakini ndani yake hakuna mtoto."

"Amekufa?"

"Hapana. Hakuwahi kuwepo." Akageuza kioo ili naye aone. Hapakuwa na kichwa wala mkono, ila vijipovu tele vilivyobanana, vikubwa kwa vidogo. "Inaitwa mimba zabibu. Yai lako lilikuwa tupu, halikuwa na chembe za urithi ndani yake. Mbegu ya baba ikaingia, ikaanza kujenga peke yake. Ikajenga kondo la nyuma tu, nalo likavimba vishada vishada kama zabibu. Kondo ndilo linalotoa homoni ya ujauzito, na hili lako linaitoa kwa kumwaga. Ndiyo maana umetapika hivyo, na ndiyo maana tumbo limekimbia."

Mwalimu alikuwa ameshawafikiria mapacha wake. Alikuwa ameshawapangia hata nani atakaa kiti cha nyuma kushoto na nani kulia. Sasa anaambiwa hakuna wa kumlilia, na machozi yalikuwa yanatoka vilevile.

"Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu. Si chakula, si kazi, si gari kuruka mashimo. Ni bahati mbaya iliyotokea siku ya kwanza kabisa, kabla wewe mwenyewe hujajua."

Mume alifika na bisibisi mfukoni, mama mkwe akafuata nyuma na begi la nguo. Daktari akawaeleza kwamba zabibu hizo haziwezi kuachwa: zitavuja damu, na nyingine zinaweza kuota mizizi. Mgonjwa atalazwa usingizi, na mji wa mimba utasafishwa kwa mashine ya kufyonza, huku damu ya kumwongezea ikiwa tayari pembeni. Fundi friji aliinua kichwa.

"Hiyo mashine," alisema, "pampu yake ni nzima?"

Daktari alimtazama. "Ni nzima."

"Imefanyiwa sevisi?"

"Mume wangu," mwalimu alisema kutoka kitandani, "mwache daktari afanye kazi." Lakini alimshika mkono, kwa kuwa alijua ile ndiyo namna yake ya kulia.

Kazi ilikwenda salama. Vilivyotolewa vilipelekwa maabara kuchunguzwa, na majibu yakathibitisha yaleyale. Tatizo lililobaki, kwa maoni ya mama mkwe, lilikuwa mtaa.

"Nitawaambiaje watu? Nimeshatangaza mapacha!"

"Waambie macho nayo huwa yanahitaji sevisi," mwalimu alijibu. Wote wawili wakacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akawauliza wamepewa dawa gani. Ule usiku bibi alizifumua sweta zote mbili, uzi akauviringa mviringo mmoja, akauweka mbali. Mkwewe hakuambiwa, wala hakuuliza.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya damu. Kila wiki mwalimu alikwenda maabara kupimwa ile homoni ya ujauzito. Daktari alimweleza kwamba hiyo ndiyo itakayowaambia kama zabibu zote zimetoka: ikishuka hadi chini na kubaki chini, salama. Na hadi hapo hakuna kubeba mimba, kwa sababu mimba mpya itapandisha homoni ileile, na hakuna atakayejua ni mtoto anayeita au ni ugonjwa. Akapewa vidonge vya kupanga uzazi.

Hapo ndipo mama mkwe alipopata nguvu upya. "Mtu hana mtoto, mnampa dawa ya kuzuia mtoto? Hiyo ni akili ya wapi?"

Mwalimu alikuwa na jibu kali tayari kwenye ulimi, lakini mumewe akamtangulia. Alikuwa anakula, akaweka kijiko chini.

"Mama. Friji likivuja, ukitaka kujua linavujia wapi, unalikausha kwanza. Huwezi kumwaga maji mapya juu yake halafu uulize haya ni ya nani."

Akachukua kijiko, akaendelea kula. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mezani. Bibi alimtazama mwanawe kama anayemwona mgeni, na suala la vidonge halikuzungumzwa tena mwezi huo.

Homoni ilianzia juu kabisa, kwenye malaki, ikashuka kwa kasi ya kufurahisha. Mwalimu akawa anawatangazia wanafunzi: "Leo tumeshuka mlima vizuri, gia ya pili, bila kukanyaga breki." Kisha wiki moja namba ikasita. Wiki iliyofuata ikakaa palepale. Iliyofuata nayo ikakaa. Na siku daktari alipopiga simu mwenyewe, badala ya kungoja miadi, mwalimu alijua kabla ya kupokea kwamba imeanza kupanda.

"Kuna mabaki yamejishikiza kwenye mji wa mimba na yanakua," daktari alisema walipokaa. "Jina lake liko kwenye ukoo wa saratani."

Fundi friji akalegeza kola. Mwalimu, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aliuliza swali moja tu: "Nitakufa?"

"Sitegemei hivyo. Katika ukoo mzima huo, huyu ndiye mtoto anayesikia akiambiwa. Dawa anaipokea kuliko wenzake wote. Na kwako tumemkamata mapema. Lakini kwanza upige picha ya kifua."

"Kifua? Shida iko huku, picha huku?"

"Mtoto huyu akitoroka hupenda kukimbilia mapafuni."

Mapafu yalikuwa safi. Daktari alijumlisha umri wake, ukubwa wa mabaki, kiwango cha homoni na mengine, akamweka kwenye kundi la hatari ndogo, lile linalotibiwa kwa dawa ya aina moja. Leo sindano, kesho kidonge cha kuukinga mwili na ukali wa sindano, kesho kutwa sindano tena, hivyo hivyo hadi awamu iishe, kisha apumzike, kisha waanze upya. Kabla ya kila awamu, damu ipimwe kuona kama mwili, ini na figo vinastahimili. Na asijinunulie vitamini zozote za dukani, maana nyingine zinaishika dawa mkono isifanye kazi.

Chumba cha sindano kilikuwa na muuguzi wa kiume, jitu la mtu, lenye sauti kama ya kifaranga. Siku ya kwanza alimwuliza kwa adabu, "Leo tuchome upande gani, mama?"

"Kushoto. Lakini uwashe indiketa kwanza."

Muuguzi alicheka hadi akalazimika kuiweka sindano chini na kunawa upya. Tangu siku hiyo, mwalimu akiingia, muuguzi husema "tiki, tiki, tiki" kwa sauti yake nyembamba, kisha anachoma. Wagonjwa wengine kwenye benchi walidhani ni utaratibu mpya wa wizara.

Mama mkwe naye hakukaa bure. Alisikia kwamba dawa za saratani hung'oa nywele, akaleta vilemba vizuri, vya rangi tofauti, vya kutosha kufungua duka. Nywele zikakataa kung'oka. Daktari akasema dawa hii mara nyingi haina ugomvi na nywele. Bibi alimshukuru Mungu kwa sauti, lakini alikuwa anavitazama vilemba vyake kwa huzuni kidogo, hadi mkwewe akaamua kuvaa kimoja kila siku hata hivyo.

Dawa ilimshambulia kwingine. Ilimshambulia mdomo. Vidonda vilimtoka kwenye ulimi na ndani ya mashavu, maji yakawa yanawasha, na kuongea ikawa adhabu. Nyumbani kukawa kimya hivi kwamba fundi friji alianza kuongea yeye. Alimsimulia mkewe habari za kila friji alilofungua: la mchinjaji lenye kutu, la mwalimu mkuu lenye viatu ndani, la bibi harusi ambalo halijawahi kuchomekwa ukutani. Mwalimu alikuwa analala akisikiliza, akishangaa kwamba miaka yote hiyo alikuwa anaishi na msimuliaji na hakumpa nafasi.

Siku alizojisikia nafuu, na daktari akikubali, alifundisha somo moja moja. Kwa kuwa hakuweza kupiga kelele, aligonga dashibodi: mara moja kulia, mara mbili kushoto, kiganja kizima simama. Yule mzee wa jiografia aliupenda mtindo huo. Akafanya mtihani wa barabarani, ambao alikuwa ameufeli mara nyingi hadi askari wa mtihani wakamjua kwa jina la utani, na safari hii akafaulu.

Alikuja kumwonyesha mwalimu leseni yake. Mwalimu alifurahi, halafu akaudhika.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, ulimi ukimuuma, "tatizo lilikuwa sauti yangu?"

"Hasha, mwalimu wangu. Uliponyamaza ndipo nilipopata nafasi ya kuyasikia yote uliyokwisha sema."

Hakujua kama amesifiwa au ametukanwa, na kwa kuwa kuuliza kungemuuma, akamwacha aende.

Homoni ilianza kuteremka tena awamu ya pili. Ikashuka, ikashuka, na siku moja karatasi ya maabara ikaonyesha kiwango cha mtu asiye na mimba wala zabibu. Mwalimu alitaka kuitupa sindano ya mwisho dirishani. Daktari akamkatalia. Kuna chembe chache mno ambazo kipimo hakizioni, alisema, na hizo ndizo zinazorudi kukusalimia ukishasherehekea. Akaongezewa awamu nyingine kadhaa baada ya hapo. Alinuna, akazimaliza zote, muuguzi akipiga "tiki, tiki" hadi mwisho.

Kisha ulikuja mwaka wa kusubiri, na huo, alisema mwenyewe baadaye, ulikuwa mgumu kuliko sindano. Sindano unaikunjia uso na inaisha. Kusubiri hakuna pa kukunjia uso, wala hakuishi. Kila mwezi damu, kila mwezi roho juu hadi simu ilie. Alisalimiwa sokoni na wanawake waliomwangalia tumbo kabla ya uso. Kuna jioni alifunga gari, akazima taa, akalia humo ndani hadi vioo vikaweka ukungu, kisha akapangusa kioo cha mbele na kuingia nyumbani kupika. Mumewe hakumwuliza, ila alisimama naye jikoni akamsimulia habari ya friji la kanisa.

Daktari alipowapa ruhusa, hawakumwambia mama mkwe. Na mimba ilipoingia, hawakumwambia pia. Walikwenda altrasaundi mapema kabisa, kama walivyoagizwa, kwa sababu aliyewahi kupata zabibu huangaliwa mapema. Chumbani walimkuta kijana yuleyule. Alimtambua mara moja.

"Sikiliza, mwanangu," mwalimu alimwambia akipanda kitandani. "Ile mara ya kwanza uliniua kwa kimya. Leo ukinyamaza hata kidogo, nashuka, naondoka."

"Naongea, mama, naongea," kijana alisema. "Sasa naweka mafuta. Sasa natafuta. Sasa bado natafuta, lakini naongea. Huu ni mji wa mimba. Hii ni... subiri, sijanyamaza! Hii ni mimba, iko mahali pake. Na hiki kinachocheza, mama, unakiona? Huo ni moyo."

Fundi friji aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Alitega sikio, kwa mazoea. Kijana akafungua sauti, na ule mdundo wa haraka ukajaa chumbani.

"Unakwenda vizuri," fundi alisema, kisha akatafuta kiti.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye mapafu ya mamake. Kondo lilipelekwa maabara kwa tahadhari, likaonekana halina neno. Daktari alisema kilichobaki ni damu mara moja tu, wiki kadhaa baada ya kujifungua, halafu watakuwa wamemaliza biashara.

Simu ya majibu ilikuja adhuhuri. Mtoto alikuwa analia kwa sababu anazozijua mwenyewe, mama mkwe alikuwa anabishana na birika, na mwalimu alikuwa amekaa kitandani, gauni upande, macho mekundu kwa kukesha. Alisikiliza, akasema ahsante, akaiweka simu kwenye mto.

"Nani?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Hospitali."

"Wanasemaje?"

"Wanasema damu ni safi, na nilale."

"La kulala wamesema wao?"

"Hilo nimesema mimi," alijibu, akamkabidhi mtoto, akavuta shuka hadi kichwani.